Kompyuta Zilizoamka kwenye Amina

Jamani, leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa tai.

Mnajua mimi ndiye niliyefunga kompyuta kwenye shule moja hapa Nyakabiga. Ni kuukuu, na hakuna hata moja yenye disque dur, ile diski ya ndani ya kuhifadhia mafaili. Hazina kabisa! Ukiwasha moja, inaita kupitia waya, na seva, ile kompyuta kuu iliyoko stoo, inaipa mfumo mzima wa Linux, mafaili na kila kitu. Nilizifunga kwa mikono yangu, lakini kila inapowaka mwili unanisisimka. (Mke wangu anasema yeye sijawahi kumtazama hivyo.)

Leo ilikuwa uzinduzi. Directrice, mkuu wa shule, aliniahidi kwamba mambo yakienda vizuri, ananiajiri moja kwa moja. Nikafika mapema, nikawasha zote, nikajaribu moja moja. Safi.

Hotuba zikaanza. Mwakilishi wa wazazi hakuwa na haraka. Mama Aline, mpishi wa shule, akaninong'oneza kwamba friji iliyoko stoo haina pa kuchomekwa na fanta ni za moto. Uzinduzi wa fanta za moto, Bujumbura hii! Nikakimbilia stoo, nikachomoa plagi moja, nikachomeka friji. Hata sikuangalia ile plagi ilikuwa ya nini.

Zamu yangu ikafika. Nikawaeleza wageni kwamba mashine hizi ndani ni tupu, akili yote inatoka kwenye waya. Mchungaji, mmoja wa wageni, akatikisa kichwa kwa mshangao. (Hapo nilikuwa nimeshavimba.) Directrice akakaa kwenye mashine moja aandike salamu mbele ya wote. Akaandika maneno mawili. La tatu halikutokea. Akabonyeza, akabonyeza tena kwa hasira. Mashine zote zimeganda!

"Fundi, hii mashine imekufa?"

"Apana Madame. Inafikiri tu."

"Inafikiri nini na wageni wako hapa?"

Jasho likanitoka. Nikaingia chini ya meza, nikashika kila waya, na tai ikanasa kwenye kiti. Nikaona kazi inaniponyoka hivi hivi. Mchungaji akanionea huruma, akasimama.

"Tuombee hizi mashine," akasema.

Watu wakafumba macho. Akaombea mashine, akaombea waya, akaombea na mikono ya fundi. Mimi niliitikia kuliko wote. Akasema amina.

Papo hapo zikaamka! Zote! Hakuna iliyokuwa imezima, zilikuwa zinaisubiri seva yao kimya kimya. Herufi zote alizobonyeza Directrice zikamwagika kwenye skrini. Vigelegele. Jamani, mimi fundi mwenyewe! Niliogopa kweli.

Ndipo Mama Aline akaingia na sinia la fanta, baridi kabisa.

"Fundi, ule waya wako wenye ulichomoa, nimeshaurudisha. Friji imemaliza kazi."

Ulikuwa wa swichi, kile kikasha kinachounganisha mashine zote na seva. Directrice ananitazama. Mimi natazama viatu vyangu.

Mchungaji akachukua fanta yake, akainywa taratibu.

"Mungu hutumia yeyote," akasema. "Leo ametumia Mama Aline."

Walicheka mpaka mwakilishi wa wazazi akakosa pa kushika.

Kazi nimepata. Ila ufunguo wa stoo amekabidhiwa Mama Aline, na nikitaka kuiona seva yangu mwenyewe, napiga hodi jikoni.