Mdomo wa Kuazima

Mugambi alikuwa Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, ndani ya duka la vyakula vya Kiafrika, akimbembeleza mwenye duka ampe unga wa ugali kwa ahadi, alipoona tangazo limebandikwa juu ya friji ya samaki. Mashindano ya mashairi ya Kiswahili, kwa waandishi wa LGBTQ wanaoishi Uswidi. Angeendelea na unga wake, maana yeye na ushairi walikuwa hawajawahi hata kusalimiana, ila macho yake yaliteremka hadi kwenye zawadi. Nyumba. Mwaka mzima bure, Södermalm katikati ya jiji, yenye roshani inayotazama maji.

Asiyeijua Stockholm aelewe jambo moja: hapa mtu hupata mke, pasipoti na shahada ya pili kabla hajapata nyumba. Tunajiandikisha kwenye foleni tukiwa vijana, tunapigiwa simu tukiwa na wajukuu. Sote tuliwaambia ndugu zetu kwamba huku tumejenga. Mugambi alikuwa "amejenga" kwenye kochi la binamu yake Clement huko Vårby gård, na kochi lenyewe lilikuwa limeshaanza kumchukia.

Kasoro zilikuwa mbili tu. Hakuwa shoga, na hakuwa mshairi. Ya kwanza aliiona ndogo. Alishawahi kuwa mchungaji, wakala wa viwanja, na mjomba wa bibi harusi asiyemjua. Ya pili ndiyo iliyompeleka Märsta kwa Gilles.

Gilles alikuwa Mrundi mpole, msafishaji wa ndege pale uwanja wa Arlanda, mwanakwaya, na mtunzi wa mashairi ya harusi za watu wengine. Mugambi, ambaye riziki yake yote ilikuwa kuangalia watu wanaangalia nini, alikuwa amegundua zamani kwamba harusini macho ya Gilles huelekea upande wa wasimamizi wa bwana harusi. Hakumwambia mtu. Hata tapeli ana mipaka. Ya Mugambi ilikuwa michache, lakini ilikuwepo.

Walikaa kwenye mkahawa karibu na stesheni. Mugambi akamwonyesha picha ya tangazo. Gilles alisoma, kisha akaifunika simu mezani kama mtu aliyeona nyoka.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Na hakuna atakayejua, ndiyo maana nimekuja," Mugambi alisema kwa sauti ya asali. "Umepanga chumba kwa mzee wa kanisa. Jina lako likitajwa Jumamosi, Jumapili uko nje na begi. Mimi nani atanifukuza, kochi? Wewe andika, mimi nisimame. Sina aibu, ndugu yangu. Hata mama yangu anakiri."

"Na nyumba?"

"Tutaona," alisema Mugambi, kwa ile sauti ambayo sisi Wakenya tumeizoea kila uchaguzi. Moyoni alikuwa ameshachagua mapazia.

Gilles alikoroga kahawa yake isiyo na sukari kwa muda mrefu. "Bon," alisema. "Nitaandika, na kutuma nitatuma mimi. Kiswidi chako nakijua."

Mugambi hakukasirika. Ni kweli alihudhuria darasa la Kiswidi miaka mingi, lakini alifuata kahawa ya mapumziko.

Siku ya mashindano ukumbi wa maktaba ulijaa. Michelle, Mkenya mwenzetu, ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli. Alimtambulisha Mugambi kwa Kiswidi cha haraka, "vår uppläsare, Mugambi!" na watu wakapiga makofi. Mugambi hakulijua neno uppläsare, lakini lilikuwa refu, akalichukua kuwa cheo. Akainama kwa heshima zote.

Alipoinua kichwa akamwona Achola, safu ya pili.

Achola ndiye binti ambaye Mugambi alikuwa akimtongoza tangu Pasaka. Kumbe alikuwa rafiki wa Michelle. Mugambi akaifikiria roshani, akasoma. Akafika ubeti wa mwisho:

*Nimekuja kwako pole, viatu vi mikononi,*
*Wenye nyumba na walale, wasinijue ni nani,*
*Leo napiga kelele, natamka hadharani:*
*Ni mwanamume mwenzangu, nimpendaye moyoni.*

Kule nyuma, penye makoti, Gilles alikuwa akiyatamka maneno yaleyale bila sauti, machozi yakimtoka. Mugambi alimwona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli mbele ya watu, na hata hiyo haikuwa yake.

Makofi yaliyofuata yalitikisa madirisha. Waamuzi hawakuchelewa, shairi lile likashinda. Mugambi akapanda jukwaani mkono ukiwa mbele, tayari kwa funguo. Michelle akampa shada la maua.

"Michelle, funguo?"

"Hizo ni za mshairi, kaka. Wewe ni msomaji. Uppläsare! Na umesoma vizuri mno." Kisha akageukia ukumbi. "Mwandishi ametuomba tusimtaje mpaka ainuke mwenyewe. Kama yuko tayari, aje."

Mugambi, kwa mara ya kwanza, aliomba mtu mwingine asipate ujasiri. Kisha Gilles akatoka penye makoti, akatembea mpaka mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Naitwa Gilles Ndayizeye. Shairi ni langu. Na lililosemwa humo ni langu pia."

Watu wote wakasimama.

"Umenitapeli!" Mugambi alimnong'oneza baadaye.

"Ulisema tutaona. Nimeona," Gilles alijibu. "Ulitaka kuazima kalamu yangu, nami nikaazima mdomo wako. Wangeguna, ningechukua koti langu nikaondoka. Hawakuguna."

Mugambi alifungua kinywa ili aulalamikie ulimwengu, lakini Achola alikuwa ameshamkumbatia, maua na yote.

"Kumbe, Mugambi! Na mimi nilikuwa najilaumu mbona maneno yako matamu hayaniingii. Asante kwa ujasiri wako. Sasa tutakuwa marafiki wa kweli."

Njia zilikuwa mbili: akubali, au atangaze mbele ya wale waliompigia makofi kwamba alikuja kuwaibia nyumba.

"Asante, dada," alisema Mugambi.

Habari zilifika Märsta kabla ya ibada, na mzee wa kanisa akamwambia Gilles ahame. Gilles alikuwa ameshafunga begi. Mugambi alienda kumsaidia kupandisha masanduku kwenye nyumba mpya, akidai ni kwa moyo safi. Sisi tunaamini alikwenda kuipima roshani. Juu kabisa, Gilles alitoa kibao kidogo, akakibandika mlangoni. Maisha yake yote ya Uswidi alikuwa ameishi nyuma ya milango yenye majina ya watu wengine.

"Kinasomeka?" aliuliza.

Mugambi akaweka sanduku chini, akasafisha koo, akalisoma jina lile kwa sauti yake ya jukwaani, mpaka jirani wa chini akafungua mlango kuchungulia. Hakuomba chochote. Tunavyojua sisi, ndiyo kazi ya kwanza aliyowahi kuifanya bure.