Mkwaruzo Uliolala Ubavu

Mteremko alipewa jina hilo na majirani kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kupanda kitu: si ngazi, si darasa, si cheo. Alikuwa mtu wa kushuka tu, na mdomo wake ulimshusha taratibu, bila kuumia.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho ya jengo la ofisi, akingoja riziki imfuate ilipo. Mhasibu mmoja akatoka, akalitazama gari lake lililotoka kuoshwa, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Wamenikwaruzia kioo!"

Mteremko akasogea. Kwenye dirisha la mlango kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba. Aliusugua kwa leso iliyolowa, ukaondoka. Ulikuwa povu la sabuni lililokauka. Mhasibu hakuuliza, alimshika mkono kama mtu aliyetolewa risasi kifuani, akamtilia noti mfukoni.

Mteremko alikwenda moja kwa moja dukani, akanunua mche wa sabuni.

Wiki iliyofuata alikuwa na koti jeupe, kopo la "dawa" (chaki iliyosagwa, na tone la manukato ili inuke gharama) na kipande cha sabuni kikavu alichokichonga kama kalamu. Mwenye gari akiingia ofisini, Mteremko hupita akijifanya anafuta vumbi, akaacha mistari mitatu dirishani. Mwenye gari akitoka, humkuta amesimama pale, uso umejaa huzuni ya kitaalamu. Mlinzi wa geti alikuwa ameshapewa ya soda, kwa hiyo macho yake yalikuwa yakitazama barabarani.

Nisimwonee, hakuwalazimisha. Wenye magari ni watu wa ajabu: mtu atapita kwenye mashimo mpaka meno ya bandia yaruke, asiseme kitu, lakini mstari mmoja kwenye kioo utamnyima usingizi. Tena wengine walikuwa wajanja kumshinda. Yule mhasibu alirudi na mistari mipya, akataka aandikiwe risiti ya mara tatu ya bei, ofisi ilipe. Mteremko alisikitika sana kuona maadili yalivyoporomoka. Akaiandika, akamtoza na ya karatasi.

Sasa niseme jambo moja la kweli juu yake, maana hayako mengi: alikuwa amependa. Mchumba wake alikuwa mshonaji, msichana mwenye kicheko cha ghafla, na Mteremko akikisikia hicho kicheko alisahau hata alichotaka kudanganya. Tatizo lilikuwa shangazi. Baba wa binti hayupo tena duniani, na posa zote zilipita kwa shangazi anayeishi mji mwingine. Alikwisha kuwakataa wawili, mmoja kwa kusema sana na mwingine kwa kutosema. Huyu wa tatu, shangazi alisema atakuja kumwona mwenyewe, kazini kwake.

"Akikataa, ndiyo basi," mchumba alimwambia. "Mimi mbele ya shangazi sina mdomo."

Jumatatu Mteremko alikuwa maegeshoni, simu sikioni, sauti juu.

"Mwambie aje hata leo! Aulize fundi vioo, kila mtu ananijua. Ndiyo, simjui sura, lakini damu itatambuana. Nipo kazini, mpenzi!"

Alipokata simu akageuka. Nyuma yake kulikuwa na pikapu kuukuu aliyoichora nusu saa iliyopita, na kando ya pikapu mwanamke wa makamo, mikono kifuani, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

"Pole sana, mama," Mteremko akaanza. "Naona kioo kimepatwa. Lakini umefika kwa mwenyewe."

Mwanamke aliitazama mistari. Akapitisha ukucha juu yake, akaunusa.

"Kijana, dirisha la mlango hupanda na kushuka. Mchanga ukiingia kwenye mpira, mkwaruzo nao hupanda na kushuka, wima. Hii yako imelala ubavu. Kioo hiki huwa kinafunguka kuelekea wapi, sokoni?"

Mteremko akacheka cheko la kupoteza muda.

"Yaani wewe," mwanamke akaendelea, "shangazi wa watu anakuja kukukagua, na wewe unachora vioo kwa sabuni?"

Damu ikamganda. Nani mwingine angejua habari za shangazi? Angefikiri dakika moja tu angekumbuka alivyokuwa akipiga kelele kwenye simu, lakini hofu haina dakika moja.

"Sha... shangazi?"

Mwanamke akafuta sabuni ukuchani.

"Abee."

"Shikamoo, shangazi!" Mteremko akapiga magoti palepale.

"Marahaba. Simama, unachafua suruali."

"Shangazi, nipe nafasi moja. Nampenda yule mtoto. Nitafanya lolote."

"Lolote?" Mwanamke akavaa miwani. "Kesho saa mbili asubuhi, karakana ya vioo nyuma ya kituo cha mafuta. Kuna vioo kumi na kimoja vya milango, vya teksi, vyote vimekwaruzika kweli. Ukivimaliza, utakuwa na kazi ya kuonyesha."

"Na mwenye karakana?"

"Mwenye karakana hana neno."

"Nimwambie mchumba kwamba tumeonana?"

"Ukimwambia nitajua unatafuta wa kukutetea."

Hivyo ndivyo Mteremko, kwa mara ya kwanza maishani, alivyowahi kazini.

Mwanamke alimfundisha kwa maneno machache. Kwanza ukucha: ukinasa kwenye mkwaruzo, umekwenda ndani mno, uache, maana ukiufukuza utachimba bonde na dereva ataona barabara inacheza. Usiponasa, mkwaruzo utatoka. Weka alama kwa kalamu upande wa pili wa kioo, usije ukapotea. Koroga unga wa kung'arishia na maji uwe kama uji mwepesi, paka kwenye pedi ya sufu, sugua kwa duara, nyunyiza maji, sugua. Usikae mahali pamoja kioo kikapata moto, kitapasuka.

"Kioo kimoja muda gani, shangazi?"

"Mpaka kiishe."

Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge. Siku ya pili alipaka mafuta ya kupikia kwenye kioo cha tatu. Mikwaruzo ikazama, kioo kikang'aa kama kipya. Mwanamke akakifuta kwa spiriti, mikwaruzo ikarudi yote, hakuna hata mmoja uliochelewa.

"Hiki umekisahau," akasema, akakirudisha mezani.

Siku ya tatu kulitokea jambo baya zaidi. Alimaliza kioo cha sita, akakiosha, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na hapakuwa na kitu. Alikitafuta kile kimkwaruzo kilichomsumbua tangu asubuhi, hakukiona. Moyo ukamruka kwa furaha. Akageuka atafute wa kumdanganya, kisha akakumbuka kwamba safari hii hapakuwa na haja. Ilimchanganya sana.

Ijumaa akiwa kwenye kioo cha mwisho, simu ikalia.

"Uko wapi wewe?" Mchumba alikuwa karibu kulia. "Shangazi amekwenda maegeshoni siku mbili, mlinzi anasema ulitoweka tangu Jumatatu. Anafunga mzigo arudi kwake!"

"Shangazi gani? Mbona niko naye hapa?"

"Uko naye vipi, na mimi niko naye hapa ananywa chai?"

Mteremko akamgeukia mwanamke, aliyekuwa akipaka gundi kwenye mpira wa dirisha. Alitaja karakana ilipo kwa sauti ya mtu anayetaja kaburi lake, akakata simu.

"Wewe si shangazi!"

"Ni shangazi. Nina kaka watatu, wote wana watoto."

"Si shangazi *wake*! Umenidanganya!"

"Wapi? Uliniita shangazi, nikaitika. Mtu mzima akiitwa kwa heshima akae kimya? Ulisema utafanya lolote, nikakupa lolote."

"Na ulisema mwenye karakana hana neno!"

"Nilikuwa na neno?"

Siku nne! Vioo kumi na kimoja, bure, na kampuni ya teksi ingemlipa huyu mama kila kimoja. Yeye, Mteremko, aliyewaingiza mjini wahasibu, ameingizwa mjini kwa neno moja la adabu. Alivua aproni, akaikunja, akaitupa chini. Alikuwa anatafuta tusi linalofaa mlango ulipofunguka.

Mchumba aliingia kwanza, macho mekundu. Nyuma yake akaja mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kumshinda. Hakusalimia. Alimchukua Mteremko mkono, akaugeuza kiganja juu, akabonyeza malengelenge moja baada ya jingine. Kisha akaokota aproni sakafuni, akaitazama.

"Mama," akamwuliza mwenye karakana, "huyu ni nani kwako?"

Mteremko alimtazama mwenye karakana kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo mtu yeyote, ya kuomba kweli. Neno moja tu, sabuni, na mshonaji wake angeondoka mlangoni pale asirudi tena.

Mwanamke alifunika gundi yake bila haraka.

"Fundi wangu. Ana mkono mzuri. Anaingia saa mbili, Jumamosi saa moja."

Mteremko akafungua kinywa. Habari za Jumamosi hazikuwahi kutajwa. Akakifunga.

"Umemwajiri kwa muda gani?"

"Kwa muda atakaokuwa kwenye ndoa."

Shangazi, wa kweli huyu, akamrudishia Mteremko aproni. "Basi mimi sina neno. Nitakuwa napita kila mwezi kumwona. Hapahapa." Mchumba akaachia kile kicheko chake cha ghafla, na Mteremko akajua kwamba amefungwa maisha.

Walipotoka, mwenye karakana alimwonyesha kwa kidole uani.

"Imebaki pikapu. Sijaiosha tangu Jumatatu, niliiweka kama ushahidi. Hiyo maji tu yanatosha, unaijua."

Mteremko akatoka na leso. Mistari yake mitatu ilikuwa bado dirishani, myeupe, imelala ubavu. Akainama, akaitazama kwa karibu. Kisha akatupa jicho huku na huku kuona kama kuna mteja aliyeiona, akaifuta upesi, kwa aibu ya fundi aliyekutwa na kazi mbovu.