Kuhusu Kamera ya Pikipiki Iliyoninyima Jina la Mjukuu

Mheshimiwa Mkuu wa Usalama Barabarani,

Salamu nyingi, na pole na kazi ya filimbi. Barua hii uisome wewe mwenyewe, usimpe yule karani wako wa mapokezi mwenye kucha ndefu. Nilikuja Jumanne nikamweleza shida yangu nimesimama, goti likiniuma, akasema malalamiko hayapokelewi kwa mdomo, niandike, tena niyapange kwa namba. Nikamuuliza kama anaona nina sura ya mtu aliyesoma. Akasema, "Bibi, jitahidi." Basi nimejitahidi. Niliishia darasa la tatu, lakini hilo la tatu nililisoma lote, kwa hiyo ukikuta kosa ujue ni kalamu.

Ombi langu ni dogo. Nataka upige marufuku kamera kwenye pikipiki zote za nchi nzima kabla ya mwezi ujao kwisha. Nasema mwezi ujao kwa sababu ndipo mkamwana wangu, mke wa mwanangu, atakapojifungua. Mtoto ni wa kike, mashine ya hospitali imeshasema. Tangu siku ya harusi niliahidiwa kwamba binti wa kwanza atapewa jina langu. Jina hilo nimelibeba miaka sabini na moja, halina doa wala kiraka. Sasa kwa ajili ya kamera moja ya dereva mmoja, naambiwa mtoto ataitwa jina la bibi yake wa upande wa pili, mwanamke anayecheka kwa pua. Mheshimiwa, usiseme haya ni mambo ya nyumbani. Yalitokea barabarani, na barabara ni yako. Soma.

1. Wiki mbili zilizopita nilipanda pikipiki kwenda kliniki ya macho kuchukua miwani yangu mipya. Zingatia hapo: kwenda kuchukua. Maana yake wakati wa kwenda sikuwa nayo. Kijana alikuwa na kitu cheusi juu ya kofia yake ya chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni, nikadhani ni taa. Nikamsifu moyoni kwamba huyu ni mtu wa kujiandaa. Kumbe kamera. Kwenye kola alikuwa amebana kidude kingine kama kifungo cha koti, nacho nikadhani kifungo. Kumbe hicho ndicho kinachokamata sauti, na kilikuwa inchi tatu kutoka mdomoni mwangu safari nzima. Hakuna aliyeniambia. Duka la simu lile la kona wameandika mlangoni kwamba unapigwa picha. Pikipiki haina mlango, sawa, lakini dereva ana mgongo, na mimi mgongo huo ndio niliokuwa nautazama. Wangeandika hapo, kwa herufi kubwa.

2. Tulipotoka tu getini kijana akasema kwa furaha, "Familia yangu, habari za asubuhi! Mmeamkaje huko?" Sasa, mheshimiwa, juu ya pikipiki tulikuwa wawili. Ameshanisalimu, mimi ninyamaze kama gunia la mkaa? Nimelelewa. Nikamjibu nimeamka salama mjukuu wangu, ila goti, na tumbo, leo siku ya tatu sijapata choo. Akasema, "Safi sana! Hayo ndiyo mambo!" Nikashangaa kidogo, lakini nikasema vijana wa siku hizi wana namna yao ya kutoa pole.

Kumbe hakuwa akiongea na mimi. Alikuwa akiongea na watu wa kwenye simu, ambao watakuja kumtazama baadaye, wamelala chali makwao. Mimi hakunisikia hata neno, kwa ile kofia na upepo. Baadaye aliniapia kwamba aliona kwenye kioo midomo yangu inacheza, akadhani nasali. Dakika arobaini, mheshimiwa! Yeye anauliza, mimi najibu. Yeye anacheka na wa kwake, mimi nadhani anacheka na mimi, nazidi kumpa. Nilishuka pale kliniki nikiwaza kwamba sijapata maongezi matamu hivyo tangu marehemu mume wangu aanze kukoroma.

3. Mtu mwenye kamera kichwani hatazami barabara. Anaionyesha. Hivyo ni vitu viwili. Karibu na daraja kijana alipunguza mwendo ili awaonyeshe watu wake shimo. Akaligeuzia shingo upande wa kulia, akaligeuzia upande wa kushoto, akawaeleza lilivyo hatari, kisha tukaingia humo. Miguu yangu ilikwenda juu, kiatu kimoja hakijarudi mpaka leo.

4. Hili ndilo lenyewe, kaa vizuri. Tulipofika sokoni akauliza, "Familia, asubuhi hii mmekunywa nini?" Mimi niliyeulizwa nikasema kweli. Nikasema nyumbani anapika mke wa mwanangu, na uji wake una madonge kama vifundo vya miguu. Nikasema kila asubuhi nausifu, nalamba midomo, naomba niongezewe, akigeuka tu naupeleka dirishani naumwaga kwenye chungu cha ua lake. Na kwamba ua limekufa.

Mheshimiwa, lile lilikuwa waridi. Mkamwana alilipenda kama mtu. Alilinunulia mbolea mara mbili. Lilipoanza kunyauka alimsingizia paka wa jirani, wakagombana na mwenye paka, na mimi nikatoka nje kumtetea mkamwana wangu, nikamwambia yule mama paka wake hana adabu kama yeye. Hayo nayo nilimsimulia kijana. Nilikuwa nimechangamka.

Alipofika kwake akasikiliza, akacheka mpaka akakaa chini, akakata kipande cha dakika moja, choo na uji humohumo, akakirusha. Kimetazamwa na watu elfu arobaini na tatu. Mkamwana wangu ni msusi. Mteja aliyekuwa kitini akamwekea simu sikioni, akamwambia, "Hebu msikie bibi huyu, jamani, mbavu zangu!" Mkamwana alisikiliza huku ameshika kitana. Akamaliza kumsuka yule mteja, tena vizuri, ndiyo tabia yake. Akaja nyumbani na tumbo lake la miezi minane, akatundika mkoba, akaniuliza taratibu, "Mama, uji wa leo ulikuwaje?" Nikasema mtamu, mwanangu, kesho niongezee. Akaweka simu mezani, akaibonyeza. Nikajisikia mwenyewe naongea kutoka mezani.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu, kelele nazijua. Alisema tu, "Mtoto ataitwa jina la mama yangu," akaingia chumbani. Mwanangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa amekaa palepale. Alikuwa anatazama televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa.

5. La tano lilikuwa zito sana lakini limenitoka. Likinirudia nitakuandikia barua yake peke yake.

6. Sina tena pa kupita. Fundi viatu akiniona ananiuliza kama uji umeiva. Muuguzi wa kliniki, mtu wa serikali, aliita foleni nzima ikisikia, "Bibi, choo kilipatikana?" Kilipatikana, ndiyo, lakini hilo ni la kuulizwa mbele ya wagonjwa wa macho? Juzi tulikuwa msibani, nimeinamisha kichwa kwa heshima zote, mama mmoja nyuma yangu akaanza kutikisika mabega. Watu wakamshika wakidhani amezidiwa na majonzi. Mimi nilijua amezidiwa na nini. Nilipogeuka kumkazia jicho, akanong'ona, "Nisamehe bibi, ni waridi."

7. Sitaki useme nimeonea mtu bila kumsikiliza. Nilimfuata kijana kituoni kwao nikamgombeza mbele ya wenzake mpaka akavua kofia. Akajitetea kwamba mwaka jana gari lilimgonga likakimbia, mwenye gari akaja kudai yeye ndiye aliyeparamiwa, na pasipo ile kamera angefungwa. Wenzake wakaitikia, eti kamera haina upande, inasema kweli tupu.

Mheshimiwa, hoja hiyo ni nzuri, na ndiyo inayonitisha. Kamera ikishazoea kusema kweli ya gari, itasema kweli ya bibi. Leo ni uji. Kesho mume atapanda pikipiki kwenda kule anakokwenda, siyo kule alikoaga. Keshokutwa kila mkwe atajua anavyosemwa na kila bosi atajua anavyoigizwa. Nyumba zitavunjika mtaa kwa mtaa, na kila aliyeachika atafunga sanduku lake arudi kwao. Atarudije? Kwa pikipiki. Barabara zako zitajaa watu na masanduku, na wote humo kwenye foleni watakuwa wanawasimulia madereva kilichowaachanisha, na kamera zinanasa, na jioni kinarushwa kipande kingine, na asubuhi masanduku mengine yanatoka. Wewe utakosa hata pa kusimama na filimbi yako. Nani atavuka? Ndiyo maana nikasema hili ni jambo la usalama barabarani, karani wako akacheka.

Kwa hiyo naomba haya. Kamera zote zikusanywe kwenye magunia. Dereva anayetaka kusalimia, asalimie aliyembeba, kwanza amtaje, "wewe bibi hapo nyuma," ndipo aulize. Wale elfu arobaini na tatu waitwe kituoni kwa mafungu, kila mmoja aandike kwa mkono wake kwamba amesahau, aweke sahihi. Asiyeweza kusahau azuiwe kuvuka barabara mpaka aweze. La mwisho, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote: uniandikie barua yenye mhuri wako, mkubwa ule wa duara, iseme kwamba wataalamu wamechunguza na kukuta ile sauti si yangu, kwamba upepo wa barabarani hugeuza maneno ya watu wema. Mkamwana anaheshimu mhuri. Akiuona huenda akanirudishia jina langu kabla mtoto hajafika. Sina uzao mwingine wa kungojea, mheshimiwa. Mwanangu ni mmoja, na unaona mwenyewe alivyo.

Nisikuchoshe. Wasalimie nyumbani kwako, mkeo na mama yako kama yupo, na kama yupo msikilize. Wasalimie askari wako wote wa njia panda, waambie wavae soksi, nawaona. Yule mnene wa kwenye mzunguko aliyeniita "mama waridi" usimsalimie.

Ni mimi ninayeheshimika,
mama mkwe wa msusi,
nyumba yenye chungu kitupu dirishani.

Nyongeza, nyuma ya bahasha:

Naandika huku nyuma kwa sababu bahasha nimeshaigundisha, na gundi ni ya mkamwana ya kubandikia nywele, haibanduki. Huenda ukaisoma hii kwanza. Kama ni hivyo ishia hapa, ya ndani iache.

Yule kijana amekuja leo mchana. Mkamwana alimwita ili afute kile kipande mbele ya macho yake. Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, akasema, "Nitafuta, dada, lakini wewe umesikia dakika moja tu. Mwisho hujausikia." Akaufungulia. Kumbe tulipokaribia kliniki alikuwa amewauliza watu wake kama amwoe msichana wake, maana ni mkali, au amwache. Nami nilijibu, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilijibu. Nilisema mwoe. Nilisema mimi ninaye mmoja nyumbani, ulimi wake wembe, lakini nilipolazwa wodini siku tisa alilala sakafuni chini ya kitanda changu siku zote tisa, na mwanangu niliyemzaa akaleta maua ya plastiki akaenda zake. Nilisema siku nikifa nataka mkono wake ndio unifumbe macho. Nilisema pia asimwambie, ataota pembe.

Mkamwana alirudia kusikiliza mara tatu. Akalia, akanifinya mkono, alama ipo. Akasema jina ni langu, lakini nijifunze kusema maneno kama hayo nikiwa nimekaa kwenye kiti kama watu wengine. Nimemwambia asizoee.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tengua yote. Kamera ziwe lazima, kila pikipiki, na kile kifungo cha kola kisogezwe karibu zaidi na abiria. Ile barua ya mhuri iandike, ila iseme sauti ni yangu, neno kwa neno, mpaka mwisho. Wale elfu arobaini na tatu wasisahau, wamalizie kusikiliza. Barua hii naituma hivyohivyo, kwa sababu kurasa nne si mchezo na stempu imeshabandikwa.

Na kijana usimguse, anaoa. Hana bibi, ameniomba mimi ndiye nikamsemee kwa wazazi wa binti. Nimekubali kwa sharti moja: siku hiyo kofia asiivue, hata akiwa sebuleni kwa watu. Najijua mimi. Nikimsifu mtu leo, kesho nakana. Pawe na ushahidi.