Njia ya Jiwe na Viatu vya Watu

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha Chama cha Watembeaji, saa kumi jioni, ukumbi wa maktaba. Viti vigumu. Nimekaa karibu na mlango kwa sababu zangu.

Mpima kaongea dakika arobaini. Huyu ni mpima ardhi mstaafu aliyeingia chamani mwaka juzi na filimbi shingoni, na tangu aje ndiye anayeongoza matembezi ya Jumamosi. Kabla yake nilikuwa naongoza mimi. Miaka tisa, bila filimbi, na hakupotea mtu. Yule karani wa posta alijipoteza mwenyewe.

Leo kasema kilima kina njia tatu na kimechoka. Jumatatu ijayo kamati itapanda kukagua nyayo, kisha njia moja itafungwa kwa miaka mitatu na kupandwa nyasi na miti. Akaanza kubandika mchoro ukutani. Mtu mwenye heshima zake hakai kutazama michoro ya Mpima. Nikatoka.

Lakini njiani kurudi nyumbani miguu ilikuwa mizito. Njia ya Juu ina wakimbiaji kila asubuhi. Njia ya Kisimani inapitwa na shule nzima. Njia ya Jiwe haina watu. Wakikagua nyayo watakuta zangu tu. Itafungwa yetu.

Nasema yetu kwa sababu tuliikata wenyewe, mimi na mama watoto, kwa panga moja na jembe moja, mwaka ule tuliofungua duka. Katikati kuna jiwe bapa. Kila tulipofika hapo alikaa, akavua kiatu cha kushoto, akakung'uta kokoto. Miaka ishirini na saba! Mimi ni fundi viatu, na sikuweza kumshonea kiatu kisichoingia kokoto. Imetimia mwaka na miezi minane tangu atutoke. Bado nakwenda pale kila Jumapili. Sina pengine pa kwenda.

Haifungwi. Nimeapa.

Jumanne, 3 Juni

Wazo limenijia nikiwa napaka gundi. Wanataka nyayo? Watapata nyayo.

Rafu ya duka ina jozi kumi na moja za wateja, nyingine tayari, nyingine bado. Kila soli ina alama zake. Kumi na moja ni umati. Nikamwambia binti yangu, ambaye hukaa mbele kupokea wateja, kwamba nakwenda kuonana na muuza ngozi. Nikatokea mlango wa nyuma na gunia.

Nikapanda na kushuka kwa buti za mwashi. Nikapanda na kushuka kwa viatu vya mhasibu, vinabana vidole vibaya, sasa najua kwa nini hatabasamu. Udongo ulikuwa na unyevu wa mvua ya juzi. Nyayo zikatoka safi. Raha iliyoje!

Shida ni viatu vya wanawake. Haviniingii. Nikavivaa mikononi. Nikapiga magoti nikaenda hivyo, kushoto kulia, kushoto kulia, tangu gogo la chini, pale njia inapoanzia, mpaka kwenye jiwe. Kwanza vya mshonaji. Kisha buti za Mama Miche, mwalimu wa bustani wa chama, alizoniletea Ijumaa nizibe pengo la kisigino, na sijaziba.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwenye jiwe niliposikia salamu. Mama Miche mwenyewe! Ndala miguuni, na nyuma yake wajitolea tisa wa darasa lake, wamekuja kuokota mbegu. Nikazamisha mikono kwenye nyasi mpaka kwenye viwiko. Kaniuliza natafuta nini. Nikasema mbegu. Akawageukia wanafunzi, akawaambia wamtazame mtu wa umri wangu anavyotafuta mbegu kwa magoti, bila kuona haya, na wao wanalalamika mgongo. Wakanitazama. Sikuweza kuinuka wala kutoa mikono. Nilikaa vile mpaka wa mwisho alipopotea kwenye kona.

Kabla hajaondoka aliniandikisha kwenye darasa. Alhamisi saa tisa.

Jumatano, 4 Juni

Magoti yamevimba. Binti kauliza kwa nini viatu vya mhasibu vina matope, ilhali juzi alivipiga rangi kwa mkono wake. Nikasema nimevijaribu. Akauliza nimevijaribu wapi, shambani? Mhasibu alikuwa amesimama pale pale kaunta, anasikiliza. Nikampa kamba mpya za bure. Kaondoka bila kuaga.

Mchana nikapanda tena na jozi sita, kila moja mara tatu. Njia imeanza kupendeza. Imepanuka. Nyasi za katikati zimelala, udongo umelainika. Sasa ina sura ya njia yenye watu wake.

Alhamisi, 5 Juni

Darasa la bustani, kwenye kitalu nyuma ya maktaba. Nimejifunza kugeuza mboji, na kwamba mimi ni mwanafunzi mkubwa kuliko wote kwa miaka ishirini. Mama Miche anafundisha polepole, anashika udongo namna mtu anavyoshika unga kabla ya kukanda. Alieleza kwamba udongo wa mteremko hushikwa na mizizi tu. Mguu ukipita mahali pamoja mara nyingi, mizizi hufa, na mvua ikija hupata mfereji umeshachimbwa. Wote wakaandika.

Mimi nilikuwa nachora mpango wa Jumamosi nyuma ya karatasi.

Mpango ni huu. Jumamosi ni matembezi ya wakazi wote, kwa Njia ya Kisimani kama kawaida. Mpima huongoza akiwa nyuma kabisa, eti asiachwe mtu, na walio mbele hufuata mshale wa kibao kwenye njia panda. Kibao kinashikwa na misumari miwili. Koleo ninalo.

Mama Miche alipita nyuma yangu, akaona mchoro, akanisifu kwa kuchora mteremko vizuri. Nikaona vibaya kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 7 Juni

Jana mvua kutwa nzima. Nilihofia wataahirisha. Hawakuahirisha!

Nilikigeuza kibao saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili wakaja watu thelathini na nne, wakafuata mshale bila swali. Nikajiunga katikati na uso wa mtu asiyejua lolote. Mpima aligundua wa mbele walipokuwa wameshafika kwenye jiwe. Akapuliza filimbi mpaka akakohoa. Kisha akaamuru wote wageuke, warudi walikotoka, wakaanze upya Kisimani. Yaani miguu sitini na nane, kwenda na kurudi, juu ya matope! Mimi mwenyewe nisingethubutu kuomba kiasi hicho.

Kwenye kushuka waliteleza. Wengine wakashika matawi yakawabakia mkononi. Wengine wakakwepa tope wakapita pembeni, wakatengeneza vijia vyao. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alikaa kwenye jiwe kupumua. Nilitaka kumwambia hapo pana mwenyewe. Alikuwa amechoka kweli, na alipoomba maji nikampa.

Mchana nikakirudisha kibao. Jioni nilimwona Mpima kasimama mbele yake peke yake, anakitazama, anakigusa, anakitazama tena. Nilijificha nyuma ya kichaka mpaka akaenda zake. Alikuwa na uso wa mtu anayeyatilia shaka macho yake. Nilidhani nitacheka.

Jumapili, 8 Juni

Mvua kubwa alfajiri. Nimepanda saa tano, peke yangu.

Maji yamepita katikati ya njia, pale pale tulipokanyaga. Yamechimba. Pana mfereji, nikisimama ndani yake unanifikia nusu ya muundi. Kwenye jiwe udongo wa chini umeondoka, na jiwe limeinama kuelekea bondeni. Nikajaribu kukaa. Nikateleza nikaangukia mkono. Nikajaribu tena upande wa pili. Haukaliki.

Nikasimama pale muda mrefu. Niliona aibu, na hapakuwa na mtu.

Kisha nikajipa moyo. Pembeni nyayo bado zinaonekana. Ni nyingi mno. Kamati haiwezi kusema njia hii haina watu.

Jumatatu, 9 Juni

Ukaguzi. Mpima na tepu yake, Mama Miche na daftari, na mimi, niliyejialika kwa cheo cha mzee wa njia. Cheo hicho nimekitunga leo asubuhi.

Njia ya Juu: Mpima kapima mahali palipolika zaidi, kina cha vidole vitatu. Njia ya Kisimani: vidole vinne. Njia ya Jiwe katumbukiza tepu, katumbukiza tena. Nikamwonyesha nyayo. Nikamwambia ajionee mwenyewe watu wanavyoipenda.

Akafungua faili, akanipa karatasi. Ni ile aliyokuwa anaibandika nilipotoka kikaoni. Imeandikwa kwamba itafungwa njia iliyokanyagwa kuliko zote, ipumzike. Na chini, kwa mwandiko wake: Njia ya Jiwe, watu wachache, nyasi zimeshika vizuri, iachwe wazi.

Iachwe wazi. Nilisoma mara tatu.

Mpima kasema haelewi kilichotokea ndani ya wiki moja. Kasema huenda ni yeye, siku ile ya Jumamosi, alipowapitisha watu huku kwa makosa, na kwamba ataiomba radhi kamati. Alisema hivyo kwa unyonge, mkono hata haukugusa filimbi. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Akatangulia kushuka.

Mama Miche alikuwa ameinama pembeni ya njia. Palikuwa na alama za buti, zimekauka vizuri, kisigino cha kushoto kina pengo la ukubwa wa kifungo.

"Fundi," akasema, "hizi ni nyayo zangu. Na mimi wiki nzima nimetembea na ndala."

Nikamweleza yote. Panga, jembe, jiwe, kokoto. Magoti pia. Hakucheka. Alifunga daftari akatazama bonde, akaniuliza mama watoto alikuwa akipenda kupanda saa ngapi. Nikasema asubuhi, kabla ya kufungua duka.

Akasema kwanza niende kwa Mpima nikamtue mzigo usio wake. Pili, njia itafungwa, hilo halina mjadala. Tatu, Jumamosi ni warsha ya kupanda, na kipande cha kuanzia gogo mpaka kwenye jiwe nitakipanda mimi kwa mkono wangu. Na buti zake nizirudishe zimeoshwa.

Nimeteuliwa! Mpima hakupewa kipande chake.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mpima. Nilimkuta anapaka kibao rangi upya, mshale mkubwa maradufu. Nikamwambia kosa halikuwa lake, ni misumari ilikuwa imelegea na kibao kikageuka. Akashukuru sana kwa kumjali. Si uongo mtupu. Misumari ililegea kweli, nililegeza mimi.

Binti kajua kila kitu. Hakuambiwa na mtu. Kakuta matope ndani ya gunia, kisha matope ndani ya viatu vya mshonaji, kwenye sehemu ya vidole, yana alama za vidole vya mkono. Jioni tukiwa mezani akaweka kijiko chini.

"Baba, mama hayuko kule juu."

Nikamwambia chumvi imezidi. Haikuwa imezidi. Akanisogezea maji, na macho yalikuwa mekundu. Nilijua kwamba na yeye amefiwa. Sijui kwa nini huwa nasahau hilo. Nikamwoshea vyombo, kitu ambacho sifanyi, na kikombe kimoja kikavunjika.

Jumamosi, 14 Juni

Warsha ya kupanda. Wajitolea kumi na wanane, majembe, mapauro, toroli mbili. Mpima kafunga kamba chini ya njia na kutundika kibao: IMEFUNGWA, INAPUMZIKA. Kapigilia misumari sita.

Mama Miche katufundisha. Kwanza magogo ya kukingama mferejini, maji yapunguze mwendo. Kisha mashimo, hatua moja moja, safu kwa kupishana, mche wa safu ya pili uzibe pengo la safu ya kwanza, ili mguu wa mtu usipate pa kukanyaga mpaka mizizi ishike. Alirudia mara mbili, na mara ya pili alikuwa akinitazama mimi. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

Kipande changu nimekifanya peke yangu. Shimo, mboji viganja viwili, mche, udongo, matandazo. Miche arobaini na sita. Udongo ulikuwa baridi na ulinukia vizuri. Nililia kidogo nikiwa nimeinama. Bustanini watu wote wameinama, hakuna anayekuona.

Mpima alikuja kukagua. Kasema safu zangu mbili zimenyooka mno, zilitakiwa zipishane. Nikamwambia mimi ni fundi viatu, mkono umezoea kushona mistari miwili sambamba. Akacheka, akanipa mkono, akasema kwa mzee si mbaya. Kusema kweli ni mtu mwema. Ila haoni kilicho mbele ya pua yake.

Kati ya safu na safu nimeacha nafasi, kuanzia gogo la chini mpaka kwenye jiwe. Upana wake ni kiatu kimoja cha kike, namba thelathini na nane, namba ya mama watoto. Kesho asubuhi nitapanda kutazama kama miche imeshika, maana aliyepanda hana budi kutazama, na Jumapili ijayo vilevile. Mimi navaa arobaini na mbili, lakini nitajibana.