Mto Unaokaidi Fomu ya Ofisi

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Maji ya Bonde la Mto.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTO

Naomba radhi kwa kukuandikia moja kwa moja bila kupitia kwa karani wa takwimu. Karani naye ametajwa humu ndani, na si vizuri mtu kukabidhiwa barua inayomsema. Mimi ndiye msomaji wako wa kipimo pale darajani. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni nateremka ngazi, natazama ule ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, naona maji yamefika sentimita ngapi, naandika kwenye fomu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeifanya nikiwa na mimba mbili tofauti, na wiki moja nzima nikiwa na jino linaloniuma mpaka nikawa nasoma kwa jicho moja. Sijakosa siku hata moja. Mwenzangu katika kazi hii, yaani mto, hawezi kusema hivyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mto haufiki kazini. Ubao wenu unaanzia sifuri, na miaka yote, hata kiangazi kikiwa kikali vipi, maji yalikuwa yanaigusa hiyo sifuri walau kwa adabu. Mwaka juzi yaliteremka yakaipita. Ubao ukabaki umesimama juu ya mawe makavu, na jirani yetu akaona ni mahali pazuri pa kumfungia mbuzi wake. Kwa uaminifu nilichukua rula ya shule ya binti yangu, nikapima kutoka sifuri kwenda chini, nikaandika: sentimita kumi na mbili chini ya sifuri. Fomu ikarudi na wino mwekundu: “Haiwezekani. Rudia.” Nikateremka tena na rula yangu, mbuzi akinikodolea macho. Safari hii ilikuwa kumi na tatu.

2. Mto unafika kazini bila taarifa. Katika mwezi ambao kalenda ya ofisi imeupaka rangi ya njano, maana yake kiangazi, mto ulikuja asubuhi moja ukiwa na rangi ya matofali, umebeba godoro, sufuria mbili na mlango wa choo cha mtu. Uliufunika ubao wote, mita tano nzima. Mbuzi alipona kwa sababu siku hiyo alikuwa amepelekwa kwa dume. Mimi niliandika “juu ya ubao”. Fomu ikarudi: “Juu kiasi gani? Haiwezekani. Rudia.” Ndugu Mkurugenzi, kurudia kipimo cha mafuriko si kazi ndogo. Fomu iliponifikia maji yalikuwa yameshashuka hadi magotini, na sikuwa na namna ya kuyaomba yapande tena ili niyatazame vizuri. Mlango wa choo uko kwangu. Mwenyewe akijitokeza aje na komeo lake tuone kama vinalingana.

Nyumbani karani tulishampa jina, tunamwita Bwana Rudia. Baada ya kunirudishia fomu ya nne aliniandikia kwamba msomaji asiyejua kusoma atatafutiwa mwingine wa kushika nafasi yake. Hapo nikapiga moyo konde, nikajirekebisha. Tangu siku hiyo, karibu miaka miwili sasa, hakuna fomu yangu iliyorudi. Bwana Rudia huandika “Vizuri” na kuchora alama ya tiki yenye mkia mrefu. Kwa hiyo mimi nimejirekebisha, lakini mto bado.

3. Mto hauhudhurii semina. Mwaka jana tuliitwa ukumbini tukafundishwa mabadiliko ya tabianchi. Mtaalamu, dada mmoja mwenye buti zilizoonyesha wazi kwamba zimeshawahi kukanyaga matope, alieleza mpaka nikaelewa. Alisema joto likipanda mvua hubadili mwendo wake. Inachelewa, halafu inaanguka yote kwa siku tatu, na ardhi haipati muda wa kuinywa. Maji yanakimbilia mtoni na kupita zake, na chemchemi zinazoulisha mto wakati wa kiangazi zinabaki bila akiba. Ndiyo maana mto mmoja unaweza kufurika na kukauka ndani ya mwaka mmoja, na mtu akipiga wastani akaona mambo ni shwari. Bwana Rudia alikuwa hasikilizi, lakini aliposikia neno wastani aliliandika na kulipigia mstari. Katibu wako, aliyekuwa amelala fofofo, aliamka akapiga makofi. Tukapewa maji ya chupa tukaondoka. Mhusika mkuu hakualikwa. Au labda ulijificha nje ya dirisha ukasikia kila kitu, maana unatenda yale aliyosema yule dada moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja.

4. Mto unanigombanisha na mama mkwe. Bustani yake ya nyanya na kabichi iko ukingoni, hatua mia mbili chini ya daraja. Bustani hiyo ndiyo iliyomlea mume wangu na kumpeleka kujifunza ufundi cherehani. Mama mkwe hajui fomu, anajua ndoo. Zamani alichota akiwa amesimama ukingoni, akiimba. Sasa anashuka mpaka katikati ya mto na kikombe, anakombeleza vidimbwi, anajaza ndoo kidogo kidogo, na magoti yake yana miaka sabini na moja. Kati ya matuta tisa yamebaki matatu. Juzi, wakati wa chakula, alisema mbele ya watoto kwamba ikiwa mimi nimeajiriwa kuutazama mto, basi nimeutazama vibaya, umekufa nikiwa nauangalia hivi hivi. Maneno yale yaliniuma. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo, kwa maji kidogo.

5. Mto unaiumbua ofisi yako, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Ripoti yenu ya mwezi uliopita, ile nzuri yenye picha ya bata, inasema mto uko katika hali yake ya kawaida na una ziada ya kutosha. Kwa sababu hiyo Jumatatu ijayo mtafungua bomba jipya, lenye mdomo wake juu kidogo ya daraja, lipeleke hiyo ziada kwenye kiwanda cha maji ya chupa. Ripoti imetoka kwenye fomu. Fomu zina saini yangu na mhuri wenu. Mto hauna saini wala mhuri. Lakini mpita njia akisimama darajani na ripoti mkononi, kisha akatazama chini, atadhani ofisi ndiyo inayosema uongo! Huu si uvivu tena. Ni kuidharau mamlaka halali, tena hadharani.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima mto uandikiwe barua ya onyo, na nakala ibandikwe kwenye ubao, juu, mahali ambapo mbuzi hafiki. Upewe siku saba ueleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua. Usipojibu, uhamishwe, nasi tuletewe mto mwingine wenye nidhamu. Ikiwa hakuna bonde litakalokubali kubadilishana, nafasi itangazwe. Mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka elfu tano, awe tayari kufanya kazi masika na kiangazi, na aweze kukaa kati ya sifuri na mita tano bila kusimamiwa. Na asipopatikana mwombaji, basi ushauri wangu ni kwamba mto tuufute kabisa, tubaki na fomu. Fomu zipo za kutosha, zimejaa maji mazuri, na sioni kwa nini kiwanda kisianze na hizo.

Nifikishie salamu kwa katibu, kwa mama wa chai, kwa dereva wa gari la ukaguzi ambalo hatujaliona tangu lilipopakwa rangi, na kwa Bwana Rudia mwenyewe, bila kinyongo. Mume wangu anawasalimu nyote, na watoto hawajambo. Mama mkwe hajatuma salamu.

Wako, mtiifu kuupita mto,

Msomaji wa Kipimo,
Darajani.

Tanbihi: Bahasha hii nimeifunga mara mbili na kuifungua mara mbili. Ndugu Mkurugenzi, zile fomu za karibu miaka miwili zilizoandikwa “Vizuri” si za mto huu. Marehemu baba yangu alikuwa msomaji wa kipimo kabla yangu, na aliacha daftari lake. Nilipochoka kuambiwa nirudie, na kwa hofu ya kumwaga unga, nilifungua kurasa za mwaka niliozaliwa na mwaka uliofuata, nikaanza kuzinakili siku kwa siku, asubuhi na jioni. Karani hakukuta kosa, kwa sababu mto wa baba haukuwa na kosa. Huu wa sasa nao hauna. Umesema kweli kila siku, na mimi ndiye niliyeuandikia uongo kwa mkono wangu. Nina aibu, na mama mkwe bado sijamwambia. Kipimo cha asubuhi ya leo ni sentimita thelathini na moja chini ya sifuri, na niko tayari kukirudia mbele yako mara utakazotaka. Nichukulie hatua yoyote, sitabisha. Lakini Jumatatu, tafadhali, msifungue bomba. Maji mnayotaka kuyatia kwenye chupa yalishapita hapa darajani wakati mimi bado natambaa.