Maoni ya Kata juu ya Ng'ombe wa Marehemu

Katika kata yetu hakuna aliyesoma vitabu kunizidi mimi. Nimesoma vitabu vyangu vyote, cha kwanza hadi cha mwisho. Ni viwili, na cha mwisho sijakimaliza.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita likisema kwamba kuanzia Jumatatu kila mwananchi atatoa maoni juu ya kitabu anachoendelea kukisoma, nilijua serikali hatimaye imenikumbuka. Jambo lenyewe liliitwa Mkakati Shirikishi wa Utoaji Maoni juu ya Vitabu Vinavyoendelea Kusomwa. Spika ilikoroma hapo katikati, lakini tulielewa kwamba ni la lazima.

Kata yetu sitaitaja. Si Ngokolo, Ngokolo wana mtendaji wao na mimi sina ugomvi naye. Wa kwetu ni Bwana Donatus, mwenye mihuri mitatu mezani na kalamu nne mfukoni, moja inaandika.

Utaratibu ulikuwa mzuri na mimi niliuunga mkono. Ukitaka huduma ya ofisi, maoni kwanza. Kibali cha kupeleka ng'ombe mnadani, maoni. Kibali cha ngoma, maoni. Aliyefiwa alipewa siku tatu, kwa ubinadamu.

Shida yangu ilikuwa moja. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kumwonea wivu mwenzake. Hospitali walishanipangia upasuaji Alhamisi ya wiki iliyofuata. Sisi wazee hatulipi, ila sharti uende na barua ya mtendaji. Nikaenda kuifuata.

"Shikamoo, Mama Masalu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata barua ya macho."

"Na maoni?"

"Ninayo. Kitabu kinaitwa Ng'ombe wa Marehemu. Nimefika ukurasa wa sitini na moja. Shemeji ndiyo kwanza amefungua kamba, anaondoka na ng'ombe wa mjane. Maoni yangu, apigwe."

"Hayo si maoni, Mama, hayo ni mashtaka. Maoni yana dhamira, yana maudhui, yana mapendekezo. Umalize kwanza kitabu."

"Nitamalizaje na macho haya?"

"Hiyo ni changamoto, na tunaifanyia kazi."

"Basi nipe barua nikatibiwe, nikirudi nisome, nikishasoma nikuletee maoni."

"Barua inatoka baada ya maoni, Mama."

Nikaizunguka hoja yake pande zote nisione pa kuishika, kama sufuria la moto lisilo na mpini. Nikakaa kwenye benchi nijifunze kwa wenzangu.

Akaingia Mzee Telesphori, mwenyeji wa Ushirombo. Kule kwao wazee wakisema kusoma wana maana ya kwenda kanisani, kwa sababu mambo hayo mawili walifundishwa na padre mmoja, siku moja, kwa fimbo moja.

"Mzee, kwa sasa unasoma nini?"

"Nasoma misa ya kwanza."

Mtendaji akaandika kwenye fomu: Misa ya Kwanza. "Na baada ya hiyo?"

"Kuna ya pili. Ila hiyo imejaa watoto."

"Kwa hiyo ni ya watoto. Vizuri. Mapungufu ya ile ya kwanza?"

"Mahubiri marefu mno."

Muhuri ukagongwa. Akafuata Enock, mchimbaji wetu aliyetoka machimbo ya Geita na vumbi lake.

"Mimi bosi nasoma mwamba tu. Ukiusoma vibaya, duara linakufukia humo humo shimoni."

Mtendaji akaandika: mwandishi, Mwamba, maudhui, tahadhari. Muhuri. Enock akatoka na barua yake, akanikonyeza.

Nikabaki mimi, niliyekuwa na kitabu cha kweli.

"Usihuzunike, Mama," akasema Mtendaji. "Kwa wasomaji wasiomaliza, ofisi itawasomea na kutoa Maoni ya Kata. Lete kitabu leo. Jumamosi anakuja Bi Asteria kutoka wilayani. Nitayasoma maoni mbele yake, kisha barua yako utapata."

Hapa niseme jambo kuhusu vitabu vyangu. Vyote nimevivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyofundishwa darasa la pili: kitabu kilicho uchi humwaibisha mwenyewe. Na Enock alikuwa ameniachia chake nimtunzie, maelekezo ya karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Hicho kimeandikwa Kichina mwanzo mpaka mwisho. Nacho nilikivalisha. Mgeni humwachi uchi.

Basi nikafika nyumbani, nikaingiza mkono rafuni, nikatoa kimoja, nikampelekea Mtendaji. Miwani sikuwa nayo. Ilikuwa kichwani.

Niliporudi nikakikuta Ng'ombe wa Marehemu kimelala palepale, kando ya debe la michembe, viazi vyangu vya kukausha. Nilitaka kurudi ofisini kusahihisha kosa, lakini jua lilikuwa kali. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaendelea na ukurasa wa sitini na mbili. Kurasa tatu zilinimaliza siku nne.

Jumamosi tukakusanyika chini ya turubai. Bi Asteria alikuwa mama mpole, mwenye daftari dogo na maneno machache. Mtendaji alikuwa na tai. Akakiinua kitabu juu watu wote wakione.

"Ndugu wananchi! Kitabu hiki nimekisoma chote. Mara mbili!"

Makofi.

"Lugha yake ni nyepesi. Mwandishi ametumia Kiswahili fasaha, cha huku huku kwetu. Na pale mwishoni, mjane anaporudishiwa ng'ombe wake, sitaficha, nilitokwa na machozi."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Mimi nilikuwa bado ukurasa wa sitini na nne, na yeye kashanimalizia.

"Hongera," akasema Bi Asteria. "Hebu na mimi nikione."

Akakipokea, akafungua. Akageuza ukurasa. Akakigeuza kitabu chenyewe, juu chini. Kisha akamwonyesha Mtendaji picha.

"Mjane ndiye huyu?"

"Hiyo ni puli ya karasha langu!" Enock akapiga kelele kutoka nyuma. "Mayu, mama yangu, si nilikuachia wewe hicho?"

"Ndicho hicho, mwanangu? Macho haya jamani!"

Turubai zima likacheka. Mzee Telesphori alicheka mpaka akashikiliwa.

"Mtendaji," akasema Bi Asteria, "tusomee mstari mmoja tu."

Bwana Donatus akakitazama kile Kichina. Jasho likafika kwenye tai.

"Mheshimiwa, ningesoma, ila nina mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Cha karibu sikioni kabisa, hata mkono wangu huu siuoni. Kitabu nilisomewa."

"Na nani?"

"Na familia."

Nikasimama. Mimi nina huruma sana, kila mtu atakwambia.

"Pole, mwanangu. Ugonjwa huo naujua. Mimi hospitali wananingoja Alhamisi, tuongozane. Jiandikie barua ya macho sasa hivi, na yangu hapohapo."

Akaidaka huruma yangu kwa mikono miwili. Akavuta karatasi, akaandika barua mbili juu ya goti, bila miwani, mstari umenyooka kama reli. Kumbukumbu namba. Tarehe. Jina langu lote, pamoja na la ubatizo ambalo hata mimi hulisahau. Sahihi ikakaa juu ya vitone, muhuri ukakaa juu ya sahihi. Nikaichukua yangu, nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

Bi Asteria akaichukua ile nyingine, akaisoma polepole.

"Bwana Donatus, kwa mtu asiyeuona mkono wake, mwandiko wako ni mzuri. Mpaka mkato mdogo huu umeuweka mahali pake."

"Mkato upi, Mheshimiwa? Mimi hapo sioni mkato wowote," akasema Mtendaji, akaufunika kwa kidole.