Shanga Mbili Juu ya Mtutu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamua. Namposa Bi Khairiya wa Kiembe Samaki, mjane, mcheshi, na pweza wake hana mfano. Kikwazo ni kaka yake na walii wake, Mzee Kificho, fundi wa bunduki mstaafu. Abdulhakim, muuza feni wa Mlandege, naye anamtaka, na hajui hata kitako ni kipi! Mimi nimemwambia mzee kwamba ninayo bunduki ya kale ya mashindano ya kulenga visahani vya udongo, ya marehemu babu. Macho yakamng'aa. Anataka kuiona Jumamosi.

Sina bunduki.

Jumanne, 5 Agosti
Nimesoma mpaka simu ikazima. Alama zake: mtutu mmoja, mrefu. Juu yake ukanda wa chuma wenye matundu. Shanga mbili za kulengea, moja mwisho wa mtutu, nyingine katikati. Kitako kimeinuka ili shavu likae juu. Kinyundo cha nje, kile cha kugonga fataki, hakuna. Rahisi! Mjomba wa Makunduchi amenipa gobore la babu, bovu tangu kabla sijazaliwa. Mtutu mmoja, mrefu. Nusu ya kazi imekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Kinyundo nimekikata kwa msumeno, nikakitupa. Ukanda ni fremu ya dirisha la alumini, matundu nimetoboa mwenyewe, mengine yamekwenda upande. Kitako nimekiinua kwa kipande cha mbuzi ya kukunia nazi. Shanga nimezitoa kwenye mkebe wa dada yangu Mwanaasha, nyeupe, ndogo, nzuri. Gundi, kisha rangi nyeusi. Abdulhakim kapita, kaniuliza kama najenga antena. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa! Nilimsomea mzee alama moja moja. Akawa anaigeuza geuza mkononi. Nikadhani amevutiwa. Bi Khairiya akaingia na kahawa, akainama, akasema, "Hee! Mbona bunduki imevaa shanga za kiunoni?" Mzee akaiweka chini upesi. Akauliza ni za nani. Nikasema za dada yangu. Ni kweli, lakini sijui kwa nini niliisema.

Bi Khairiya alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alikwangua rangi kwa ukucha, akaona nakshi ya shaba. Akasema gobore kama hili amelitafuta miaka thelathini, na lau ningelileta lilivyo, angenikubalia posa papo hapo. Kisha akauliza kinyundo kiko wapi. Nimerudi nyumbani nalia, sioni haya kuandika.

Jumatatu, 11 Agosti
Abdulhakim amekubaliwa! Alimwambia mzee kwamba hajui kitu kuhusu bunduki na angependa kufundishwa. Mjanja yule! Mwanaasha hasemi nami. Nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Lakini nimefikiri. Mwanamke hacheki vile mbele ya mtu asiyempenda. Na kosa langu nimelijua: nilipeleka kitu kidogo, kinachogeuzwa geuzwa mkononi. Leo nimeona kwenye vyuma chakavu bomba la maji machafu, pana, zito, lina kutu ya heshima. Ukilitazama kwa upande, ni mzinga wa Kireno kabisa.